Daktari wa Uji

Mjini Meru, upande wa Kinoru, wananiita daktari wa uji. Aliyeanzisha jina hilo alikuwa ananicheka, na walioliendeleza walitumaini nitaona haya. Wamekosea mtu. Mimi ni mwanasaikolojia. Nilisomea akili ya binadamu, kisha nikarudi darasani kusomea lishe, na katika chumba changu cha kazi, juu ya duka la mbolea, kuna viti viwili, Biblia, na jiko la gesi lenye sufuria juu yake. Mgonjwa akiingia namuuliza kwanza amekula nini leo. Mtu anaweza kukudanganya vizuri kuhusu ndoa yake au kuhusu pombe, lakini kuhusu chakula cha asubuhi watu hudanganya vibaya sana, unawashika papo hapo.

Nitasema jambo moja mapema kabla wenye ndimi ndefu hawajalisema: sijui kupika. Uji wangu huungua. Mama yangu, mwanamke wa Mbeere kule chini Embu, aliyetulea kwa mtama na ndengu katika ardhi ambayo mvua huipitia tu kusalimia, alionja uji wangu wa kwanza akaniambia niwapelekee kuku. Nimesoma vitamini zote na madini yote, lakini mkono wa mwiko sikupewa. Mungu hagawi vyote kwa mtu mmoja.

Kabla ya Kinoru nilikuwa nimeajiriwa hospitalini. Siku moja mkuu wangu aliniita. Alikuwa amesikia kwamba nawauliza wagonjwa wa akili habari za chakula, na mbaya zaidi, kwamba mgonjwa akitaka tusali, nasali naye.

"Madam," akasema, "wewe ni msomi. Ukitaka kuwa pasta, makanisa yapo. Ukitaka kuwa mpishi, hoteli ziko. Hapa uchague. Mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi nimeshika tatu," nikamwambia. "Na figa moja haliinjiki chungu."

Hakucheka. Nilitoka na mkoba wangu na hasira iliyonifikisha stendi bila kuhisi miguu, na sijawahi kurudi kuomba ile kazi.

Msidhani upande wa pili ulinipokea kwa vigelegele. Makanisani waliniambia saikolojia ni mambo ya watu wasioamini, kwamba mwenye Yesu hapati huzuni. Ebo! Mimi nafunga na kuomba kila Ijumaa tangu nikiwa mwanafunzi, silambi hata chumvi mpaka jua lizame. Lakini walinitazama kama mwizi wa kondoo. Kwa hiyo hospitali inaniona mshirikina, kanisa linaniona mpagani, na mimi naendelea kukoroga sufuria yangu. Kama nilihitaji kujua kwa nini sikuchagua, nilijua siku kijana mmoja wa Githongo alipopanda ngazi zangu.

Alikuwa mkulima wa kahawa, kofia mkononi, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana, na mtoto bado alikuwa hajaanza hata kukaza shingo.

"Daktari, sijui kama hii ni shida," akasema. "Bibi yangu amekuwa mtakatifu kuliko sisi wote. Anafunga. Amefunga sana. Watu wanamsifu. Lakini maziwa yamekauka, na mtoto analia mchana kutwa."

Nikamuuliza kama wameenda kliniki. Walienda. Muuguzi alimwona mama amekonda, akamuuliza kama anakula. Akajibu, "Nimefunga." Muuguzi akamwambia Mungu akubariki, mama, akaita anayefuata.

Hapo nilisimama nikazima jiko. Kwetu huku neno hilo ni pasi ya kupitia kila mlango. Mtu akisema hali kwa sababu ni mgonjwa, atabembelezwa, ataulizwa maswali, atapelekwa hospitali. Akisema amefunga, watu wanainamisha kichwa na kumpisha. Muuguzi alilisikia akaacha kuuliza, kwa sababu mambo ya dini hayakuwa kazi yake. Kanisa lililisikia likapiga makofi. Mimi nililisikia nikaingiwa na baridi, maana mimi hufunga, na najua mama anayenyonyesha hafungi hivyo.

Jumamosi niliendesha gari langu mpaka Githongo. Mama mkwe, mzazi wa yule kijana, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, alinipokea vizuri, akanikalisha sebuleni, akaenda jikoni kutengeneza chai. Mke alikuwa kwenye kochi. Alimshika mtoto kama mtu aliyeachiwa mzigo na mwenzake stendi, na mwenzake hajarudi. Mifupa ya mikono ilikuwa inahesabika.

Nikamwambia, "Mama, nasikia umefunga. Mimi pia ni mtu wa kufunga. Utafungua lini?"

Akaniangalia kana kwamba nimesema lugha ya mbali.

Mtu yeyote aliyewahi kufunga analijua jambo hili. Ukifika saa tisa alasiri, huna mawazo mengine. Unajua jua liko wapi, unajua utafungua saa ngapi, na unajua kabisa kilichomo ndani ya sufuria. Njaa ya mwenye kufunga ina kesho yake. Huyu binti hakuwa na saa. Hakuwa hata na njaa.

"Sijui," akasema mwishowe. Kisha, kwa sababu mama mkwe alikuwa bado anagongagonga vikombe jikoni, akanena haraka kwa sauti ndogo. "Chakula hakina ladha. Kutafuna ni kazi, kumeza ni kazi. Walinilazimisha, walinisema, waliniuliza kwa nini simpendi mtoto. Nikasema nimefunga, wakaniacha. Ndiyo maana."

Nikamuuliza lile swali ambalo lazima tuulize, kama huwa anatamani kufa. Akatazama nje dirishani, kwenye shamba la kahawa.

"Natamani tu nisiamke," akasema.

Nikasogea karibu naye kwenye kochi. Nikamwambia ukweli: huu ni ugonjwa, una jina, unawapata wanawake wengi baada ya kujifungua, wanaoomba na wasioomba, na una dawa. Nikamwambia twende hospitali leo hii. Akatikisa kichwa. Hatatoka nyumbani bila baraka ya mama mkwe. Nikamwomba ruhusa nimwambie mumewe asimwache peke yake, akakubali kwa macho.

Mama mkwe alirudi na chai, nikamwambia mkaza mwana wake anahitaji daktari. Aliweka sinia chini kwa kishindo.

"Daktari, usiniharibie mtoto," akasema. "Huyu anafunga kwa ajili ya nyumba hii. Kesho pasta atamsimamisha mbele ya watu wote awe mfano. Wewe na uji wako mnataka nini? Kama una ukweli, njoo kanisani kesho, pasta akuombee."

Alidhani nitaogopa.

"Nitakuja," nikasema, "na nitakaa mbele." Nikiondoka nilimkuta mume shambani, nikamwambia asimwache mkewe peke yake.

Lilikuwa kanisa la mabati, viti vya plastiki, kinanda cha umeme kinacholia hata pasta akikohoa. Nilikaa mstari wa mbele na kilemba changu cha Jumapili. Mume alikuwa upande wa pili na mkewe, mama mkwe kati yao akiwa amempakata mtoto. Pasta alikuwa ameshaambiwa. Hakuwa mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Alikuwa mtu aliyezoea kushangiliwa, basi.

"Leo tuna mgeni," akasema. "Daktari kutoka mjini, anayewakataza watu wa Mungu kufunga. Dada, simama. Shika maiki, utubu mbele za Bwana."

Nikaishika maiki. Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonisimamisha wima. Siri ya mgonjwa siitoi, hata ungeniweka juu ya makaa. Lakini kuuliza swali hakuna aliyenikataza.

"Bwana asifiwe," nikasema. Wakaitikia. "Walio katika mfungo leo, inueni mikono tuwaone."

Mikono mingi ikainuka.

"Wewe baba mwenye koti la kijani, utafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili!" akajibu bila kufikiri.

"Na wewe mama?"

"Ibada ikiisha tu, daktari! Nimeacha ndizi kwenye moto!"

Kanisa likacheka. Nikauliza wa tatu, wa nne. Kila mmoja alikuwa na saa yake, na wengine walitaja mpaka mboga.

"Mmeona?" nikasema. "Anayefunga anajua atafungua lini. Sasa mkirudi nyumbani, mtazameni yule mnayemsifu kwa kufunga, mumuulize swali hilo moja. Akikosa jibu, huyo hajafunga. Huyo ameshindwa kula. Na ukimsifu mtu aliyeshindwa kula, unamsindikiza kaburini kwa makofi!"

Maiki ikakatika. Kijana wa mitambo alikuwa ameitwa kwa jicho. Haya, mimi nimelelewa Mbeere, nikiita mbuzi ng'ambo ya korongo, na sikuwahi kupewa maiki.

"Na mama anayenyonyesha," nikasema kwa sauti ile ya mbuzi, "tangu lini watu wa huku wakamwacha alale njaa? Shosho zenu, wale nyanya wa zamani, walipika njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, walipika uji, walibeba kuni migongoni wampelekee. Hawakuwa Wakristo wazuri kuliko nyinyi? Mlijifunza wapi kumpisha mzazi na njaa yake?"

Pasta alikuwa anapaza sauti yake juu ya yangu, anakemea roho ya ubishi. Kinanda kikaanza. Nilidhani nimeshindwa. Ndipo nikamwona mama mkwe amemgeukia yule binti, amempa mume mtoto, amemshika kidevu. Alimuuliza kwa Kimeru, na si kwa sauti yake ya kawaida. Alimuuliza atafungua lini.

Binti hakujibu. Alianza kulia, mdomo wazi, bila sauti, na alikuwa hajalia tangu ajifungue. Mama mkwe akavua leso yake kiunoni akamfunika nayo mabega, akamwinua, akapita naye mbele ya pasta aliyekuwa amenyoosha mkono wa kubariki. Hakuupokea ule mkono. Alipofika kwangu aliniambia maneno manne tu.

"Gari lako liko wapi?"

Hospitalini walimtundikia maji, mtoto akapewa maziwa, na daktari wa magonjwa ya akili akamwandikia dawa. Mimi siandiki dawa, wala sijawahi kumwambia mtu aache dawa. Wanaosema hivyo wananisingizia. Baadaye walirudi Githongo, nami nikawa nakwenda. Tulizungumza. Akitaka tusome, tulisoma zile zaburi za watu wanaolalamika, maana nilitaka ajue kwamba kulalamika nako kumo ndani ya Biblia, na hakuna aliyefukuzwa kwa sababu hiyo. Na kila safari nilipika uji wa wimbi jikoni kwao, nikamwekea kikombe mbele.

Aliunywa kama anavyomeza vidonge, kwa sababu tulimwambia. Kijiko, kijiko, macho ukutani. Alikuwa hai, lakini hakutaka kitu. Kila nilipofika nilimuuliza swali lile lile, utafungua lini, na kila mara alisema hajui. Pasta alikuwa ametangaza watu wasinikaribishe. Mkuu wangu wa zamani, nikasikia, alikuwa anasimulia mkasa wa kanisani kama kichekesho. Nawatakia wote afya njema. Mimi nilikuwa nasubiri jambo moja.

Lilikuja siku ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, mama mkwe akichambua maharagwe mlangoni. Nilikuwa nimeweka kikombe mezani. Binti alionja. Akakunja uso. Akakirudisha kikombe mezani, akakisukuma mbali.

"Utafungua lini, mama?" nikauliza kama kawaida yangu.

"Leo," akasema.

Maharagwe yakanyamaza mlangoni.

"Lakini si kwa uji wako huu, daktari. Huu umeungua. Haki ya Mungu umeungua kila siku, sijui kama huwa unauonja. Mimi nataka ndizi za mama hapo mlangoni, zile za kuponda na njahi. Na chumvi."

Mama mkwe aliinuka, maharagwe yakatawanyika uani, na akakimbilia jikoni akilia kwa sauti kubwa kama mtu aliyefiwa. Mimi sikulia. Niliichukua sufuria yangu, nikatoka nayo nje, nikawamwagia kuku.