Nimesaini mkataba, nikasogeza siku ya kuanza kwa ajili ya mfungo tano, nikaambiwa "wewe si mfanyakazi wetu"

Wakuu, salaam kutoka Pemba. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na yakiwa na chumvi basi ni ya jasho langu.

Mimi ni fundi wa mafriji. Nilikuwa Tumbe kwenye kiwanda kidogo cha barafu ya samaki. Hoteli moja huku kaskazini wakaniita interview, nikapita, tukasaini mkataba. Nikaaga Tumbe vizuri, na bosi akamchukua mtu mwingine siku ile ile.

Kuanza ilikuwa Jumatatu. Mama akashika kichwa, maana tulikuwa katikati ya mfungo tano, Safar, mwezi ambao wazee wetu hawaanzishi jambo.

"Mwezi uno si wa kuanza kazi, mwanangu. Mjomba wako kaanza mwezi kama uno, wiki ya pili kaanguka mkarafuu."

Najua masheikh wa humu mtasema hakuna mwezi wa nuksi. Ni kweli kabisa. Ila nyinyi hamuishi na mama yangu.

Nikamwandikia HR WhatsApp, nikaomba wiki mbili. Akajibu: "Sawa fundi, wiki mbili si kitu."

Wiki moja baadaye meneja akanipigia. Nafasi kapewa mtu mwingine. Nikamuuliza, na mkataba wangu je? Akacheka. "Hujaanza kazi, kwa hiyo hatuna cha kukuachisha."

Wakuu, niliumia. Tumbe pameshazibwa, huku nimefungiwa mlango, na nina mke na watoto wawili. Nikawa nashinda nyumbani nafungua friji la mama ambalo halina ubovu wowote. Mama naye akawa kimya, hata kunisema hanisemi. Nikadhani kanikasirikia.

Rafiki yangu mwalimu ndiye aliyenisukuma niende kwa afisa kazi, mjini Chake. Nilikwenda nimejikunyata, nikijua nitachekwa. Nikaweka mezani mkataba na screenshot ya HR.

Afisa, Bi mmoja mpole, akasoma kila ukurasa. Akaniambia mkataba umetufunga tangu siku tuliyotia saini, na ile Jumatatu ilikuwa siku ya kuripoti tu. Siku yenyewe wameisogeza wao kwa maandishi. Akamwita meneja.

Meneja akaja na wimbo wake ule ule, hajafanya kazi hata siku moja. Bi akamfungulia ukurasa wa tatu.

"Hapa mmeandika akighairi akupeni taarifa ya mwezi mzima, hata kabla ya kuanza. Kama si mfanyakazi wenu, taarifa hiyo angekupeni kwa lipi?"

Meneja akatazama karatasi, akatazama feni, akaomba maji.

Tukamaliza pale pale, kwa maandishi. Nikaripoti siku tuliyokubaliana na HR. Yule aliyepewa nafasi yangu hakufukuzwa, alhamdulillah, walimpa kazi ya pampu za maji na sasa tunakula pamoja. Nina mwezi wa tatu kazini.

Siku nimetoka Chake nikamwambia mama. Akakaa kwenye mkeka akalia.

"Nlidhani mie ndo nlokufungia riziki, mwanangu."

Kumbe ukimya wote ule alikuwa anajihukumu. Nilifarijika mara mbili siku ile, na ya pili ndiyo ilinitoa machozi.

Nilichojifunza: usiache kazi ya zamani kwa maneno matupu, saini kwanza. Ukiomba kusogeza siku, omba kwa maandishi, na jibu lao ulihifadhi. Wakikwambia hujaanza kwa hiyo huna haki, usilale na aibu kama mimi, beba karatasi zako uende kwa afisa kazi ukasomewe.

Wanasheria wa humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe uliyewahi kuambiwa "hujaanza", ulifanyaje? Andika hapa chini, kuna mtu yuko nyumbani leo anafungua friji zima, na mama yake hasemi neno.