Mti wa Nane

Nyinyi mliokulia nami kwenye maghorofa ya Thorncliffe Park, huku ughaibuni, bila shaka mnaikumbuka miti ya bondeni ilivyobadilika rangi. Majani yakianza kupukutika, Bibi, mama yake mama, aliyetoka Lushoto kuja kutulea, alinifungia chapati na chupa ya chai, tukashuka na rangi zangu za maji. Watoto wa leo wanachora kwa kidole kwenye tableti, wakikosea wanafuta. Sisi ukikosea, umekosea.

Pale msitu unapoanzia, Bibi alisimama akapiga hodi. Kwa sauti kabisa, wapita njia na mbwa wao wakitukodolea macho. "Msitu una wenyewe," alisema, na hatukuingia mpaka aitikie kwa kichwa kwamba tumekaribishwa. Siku hizi hata mlangoni kwa mtu hawabishi, wanatuma meseji: niko nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na aibu iliniwasha masikio.

Siku moja nikamwacha nyuma, nikaingia bila hodi. Nikachora miti saba, myekundu na ya njano, harufu ya majani yaliyolowa imenijaa puani. Upepo ulikuwa umetulia, lakini nyuma yangu majani yalikuwa yakikanyagwa. Nilidhani ni Bibi. Nilipogeuka, Bibi alikuwa bado kule njiani.

Nyumbani aliihesabu miti kwa kidole. Ilikuwa minane. Wa nane haukuwa na jani hata moja, na sikuuchora mimi. "Umeingia kwa watu bila kukaribishwa," alisema taratibu. Kesho yake akaichukua picha, akashuka bondeni peke yake kuniombea radhi. Alirudi mikono mitupu, anatetemeka. Nimonia ikamshika, na theluji ya kwanza hakuiona. Wakubwa walisema ni baridi. Mimi nilijua ni mimi.

Miaka thelathini sikukanyaga kule. Juzi binti yangu, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alining'ang'ania nimpeleke akachore. Tulipofika alitaka kukimbilia ndani, nikamshika mkono. Nikapiga hodi. Nikasema, "Bibi, nisamehe." Sikusikia kitu. Nikageuka turudi kwenye gari.

Binti yangu hakusogea. Alikuwa akiitazama miti, anatabasamu.

"Mama," akauliza, "who said karibu?"