Drifti yangu ya kwanza, na grupu lililohama

Leo nimejua wenzangu wa gemu walihama grupu bila kuniambia.

Huku Lushoto ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nikashinda ndani na gemu la magari. Nikadrifti kona ndefu mpaka mwisho, gari linateleza kiubavu, matairi yanatoa moshi. Mara ya kwanza maishani.

Nikapiga skrinishoti, nikatuma kwenye grupu.



Baadaye mmoja akajibu: "Kaka, tulihamia grupu jingine. Nilidhani unajua."

Nikamwomba aniunge. Ameona, hajajibu.

Nikampelekea mama simu jikoni aione picha. Akaacha kumenya viazi.

"Pole mwanangu. Limepata ajali?"

"Hapana mama. Linatakiwa liende hivyo."

"Basi hongera."

Picha hiyo hapo. Anayecheza aniambie, kona imekaaje?