Mama Nyundo na Daraja Lililoandikwa Sifuri

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Nyundo amepiga magoti katikati ya daraja la waenda kwa miguu, sikio karibu na chuma. Anagonga kwa nyundo ndogo. Ngo, ngo, ngo. Wapita njia wanamkwepa kama dimbwi la maji.

"Shikamoo mama. Umedondosha hereni?" anauliza mwalimu wa chekechea anayewahi kazini.

"Marahaba. Natafuta bei," anajibu, na watu wanaangua kicheko.

Hatanii. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minane ni mthamini wa manispaa. Hukadiria thamani ya madaraja makuukuu ya miguu, ili ijulikane lipi litengenezwe na lipi libomolewe. Anasema chuma kizima huitika, kilicholiwa na kutu "kinajibu kigonjwagonjwa."

Alianza miaka ishirini na sita iliyopita, na mumewe, fundi cherehani, aliona kichekesho. "Nilimuuliza, daraja utampimia nani bei? Nani atalinunua, aliweke sebuleni?" anakumbuka mume.

Mwaka jana mzaha ulitumbukia nyongo. Daraja hili la miaka arobaini na mmoja liliandikwa vitabuni kuwa na thamani sifuri, eti muda wake umekwisha. Likapangwa kuuzwa chuma chakavu. Wakazi wa ng'ambo ya reli wangezunguka kilomita tatu kufika sokoni na zahanati.

"Sifuri? Mimi nilivukia hapo nikiwa na uchungu wa mwanangu wa kwanza!" anasema Mama Nyundo.

Hakupiga kelele. Alibeba kigoda, akakaa darajani siku tatu akihesabu watu: elfu sita na mia mbili kwa siku. Akagonga nguzo zote kumi na sita. Mbovu zilikuwa mbili tu. Kulitengeneza kungegharimu milioni kumi na nane. Kujenga jipya, milioni mia tatu.

Mbele ya kamati ya manispaa, mwenyekiti alimkatiza. "Mama, kuukuu ni kuukuu."

"Sawa, mheshimiwa. Lakini na sisi wawili vitabu vinasema tumebakiza miaka mitatu tustaafu. Tukauzwe chakavu?"

Ukumbi ulivunjika mbavu, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Kisha akaomba zile hesabu, akazisoma ukurasa kwa ukurasa, akatia saini.

Leo nguzo mbili mpya zinang'aa. Bibi mmoja anasimama kupumua, anamshika mkono mthamini. "Mwanangu, ubarikiwe. Kwa magoti haya, kilomita tatu ningezimaliza lini?"

Mama Nyundo anafuta jicho kwa ncha ya kanga, anacheka.

Yamebaki madaraja kumi na moja yenye sifuri vitabuni, naye ameapa kuyapitia yote kabla ya kustaafu. Jumatatu anaanza na lile la nyuma ya hospitali. Wauguzi wameshamwahidi chai.

"Nitahesabu kila mtu," anasema, "hata katoto kachanga kaliko mgongoni. Nako siku moja katavuka kwa miguu yake."