Ng'ombe wa Maternite

Matanga ya bibi yangu, mama mzazi wa baba, yaliisha kwa ndagala. Msomaji asiye wa kwetu hataona ubaya wowote, lakini mtaa wetu wote wa Kilibula, hapa Uvira, ulitusema. Mama mtu mzima amefariki, ng'ombe wake amefungwa nyuma ya nyumba, ukoo umekuja mpaka kutoka Luberizi kulia na kulala mikekani, halafu wanaletewa ugali na samaki wadogo wa ziwani? Mpaka leo wako wanaonikumbusha, na mimi huwajibu kwamba samaki wale walikaangwa vizuri.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la bibi mwenyewe. Ng'ombe yule alipewa angali ndama na rafiki yake wa Kiringye, mwanamke waliyekuwa wakipelekeana samaki na maharagwe tangu usichana wao. Kwa desturi yetu, mwenye ng'ombe akifa, ng'ombe anachinjwa siku ya kuondoa matanga, watu wanakula, wanamsifu marehemu, wanarudi makwao wameshiba. Bibi alijua hayo kuliko sisi sote. Hata hivyo, ugonjwa ulipomzidi alimwita baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, pamoja na mimi niliyekuwa nikimwuguza, akasema ng'ombe wake apelekwe maternite.

Maternite yetu, mahali pa kujifungulia, ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo ambayo watu wa mtaa walijijengea. Uhuru ulikuwa umekuja, masista wazungu walikuwa wamekwenda zao, na aliyebaki ni mkunga mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha askari. Dawa zilifika zilipopenda. Wanawake walijifungua salama, wakapewa uji wa maji matupu, wakarudi nyumbani wakiyumba.

"Minye kila nilipozaa nilikunywa maziwa," bibi alituambia. "Hawa wasichana wanazalia kwa kitanda, halafu wanatoka pale na njaa. Ng'ombe yangu iende kule, ikae. Musiikule."

Baba mkubwa alipandwa na hasira. Aliuliza nani amewahi kusikia hospitali ikirithi ng'ombe, na yeye, ambaye kwa desturi hawezi kuchinja ng'ombe wake wa Luberizi badala ya wa marehemu, atawalisha nini waombolezaji, majani? Bibi alimjibu kwamba ziwa halijakauka. Ndivyo tulivyofika kwenye ndagala.

Nimpe haki yake baba mkubwa: neno la mama yake hakulivunja. Matanga yalipokwisha, alimvuta ng'ombe mwenyewe kwa kamba, njia nzima asinisemeshe, kana kwamba mimi ndiye niliyetoa wosia. Tulimfunga kwenye kiua cha nyuma, ambako hufiki bila kupita katika chumba cha kuzalia. Mkunga alipokea kamba, akauliza kama ng'ombe anapiga mateke, akarudi kazini. Shukrani ilikuwa hiyo.

Kisha uasi ukatufikia. Waasi walipoingia Uvira tuliwapigia makofi, maana waliahidi mengi, halafu wakaanza kula. Walikula mbuzi, wakala bata, wakashuka Luberizi wakaswaga ng'ombe wote wa baba mkubwa. Mwishowe mtu mwenye mdomo mrefu akawaambia kwamba maternite iko ng'ombe mnono.

Siku waliyomfuata, mimi nilikuwa humo ndani, uchungu wa mimba yangu ya kwanza umenishika tangu asubuhi. Kwetu mwanamke hazai kwa kelele. Unauma kitambaa na kunyamaza, la sivyo mawifi watakucheka mpaka mtoto aote meno. Nilikuwa nimeuma kitambaa changu vizuri sana. Kutoka kitandani niliwaona mlangoni, majani yamefungwa vichwani, wakidai ng'ombe.

Mkunga aliwajibu kwa heshima kwamba ng'ombe yuko nyuma, njia ni hii hapa, wapite tu katikati ya wanawake wanaozaa. Wakasita. Kila mtu mjini alijua masharti ya dawa yao: walinyunyiziwa maji ya kugeuza risasi kuwa maji, na aliyegusa mwanamke au kukutana na damu ya uzazi, dawa yake ilikufa papo hapo. Lakini mkubwa wao alikuwa mjanja. Alisema nyumba imetulia mno, hapa hakuna anayezaa, mama huyu anawadanganya. Akaweka mguu kizingitini.

Mkunga aliniinamia sikioni.

"Mama, haya yako uiache leo. Lia."

Nikatoa kitambaa, nikalia. Nililia maumivu, nikamlia bibi ambaye sikuwa nimemlia vya kutosha, na pumzi ilipokatika nikaanza kuwatukana wanaume wale na ukoo wao. Wenzangu wakaitikia, hata mmoja aliyejifungua jana yake na hakuwa na sababu yoyote ya kulia. Waasi walirukia barabarani wakikanyagana. Mkubwa wao aliondoka akisema watarudi, lakini hawakurudi. Binti yangu alizaliwa muda mfupi baadaye, na mawifi walinicheka kama nilivyotarajia.

Baba mkubwa alikuja kututazama siku zilizofuata. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia, kwa maana barabara ilikuwa imefungwa na vyakula havishuki tena. Alinikuta nikinywa uji mweupe wa maziwa, na wanawake wa vitanda vingine wakinywa uji huohuo. Pembeni mkunga alikuwa akimlisha kwa kijiko mtoto aliyefiwa na mama yake. Baba mkubwa aliuliza kama yote hayo yanatoka kwa ng'ombe wa bibi. Nikamwambia ndiyo, asubuhi na jioni.

Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akavua kofia.

"Tungeikula siku moja tu," alisema.

Akaanza kulia waziwazi, mtu mzima yule, mbele ya wanawake wote. Mkunga akamletea kikombe cha uji, wala hakumwuliza amezaa nini.