Mguu Mzima Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni kwanza mmalize ndipo nianze, maana najua hamjaja hapa kwa ajili ya chai yangu. Mpaka leo nikipita senta wapo watu wazima na akili zao wananiuliza mguu unaendeleaje, na mguu wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya tisini, kijijini kwetu huku vilima vya Mwese. Mgonjwa akizidiwa tulimbeba kwa machela, yaani miti miwili na blanketi, kuteremka naye mpaka barabara kubwa, na kila mwanaume tuliyekutana naye njiani aliweka jembe chini akapokea bega, hata kama hamjui. Basi tukaahidiwa gari la wagonjwa, letu wenyewe, la kukaa zahanati, na mkubwa mmoja kutoka mjini angekuja kulizindua. Mwenyekiti wa kijiji akasema mgeni rasmi hawezi kuzindua gari tupu, lazima alione likifanya kazi, kwa hiyo atafutwe mtu wa kuigiza mgonjwa. Wakanichagua mimi (eti naimba sauti nene kwenye kwaya, nitaguna vizuri), nami kichwa kikavimba.

Nesi akaja na vijiti na bandeji ili mguu uonekane umevunjika, akataka kuchana suruali. Hapo ndipo nilipoharibu. Ile ilikuwa suruali yangu ya kanisani, nikasema haichanwi, naivua. Nikabaki na shuka tu juu ya nguo ya ndani (ambayo ilikuwa na historia ndefu, tuiache). Bandeji zote za zahanati ziliishia kwenye mguu wangu mzima, na nikilikumbuka hilo damu inanichemka hadi leo.

Mgeni akafika, akahutubia, akashangiliwa, akahutubia tena. Mimi nimelala juani kwenye machela, naguna kila mwenyekiti akinikonyeza, mara kwaya ikanyamaza na watu wakageuka, nikaona machela nyingine inateremka mlimani mbio na aliyetangulia ni shemeji, kaka wa mke wangu. Aliyelala humo alikuwa mama yao, mama mkwe wangu. Nyoka alimuuma shambani, mguu umevimba mpaka gotini, umefungwa kwa kipande cha khanga, kwa sababu bandeji zote nilikuwa nazo mimi.

"Mwingizeni garini," nesi akasema.

Msaidizi wa mgeni akaweka mkono mlangoni. "Subirini kidogo. Huyu hayumo kwenye ratiba. Kwanza mgonjwa wa maonyesho, halafu utepe ukatwe, halafu mtapakia wengine."

Nyie, mama anatetemeka midomo, na mtu na tai yake anazungumzia ratiba. Vijana walioandaliwa wakanibeba mimi mwenye afya wakanipakia. Shemeji hakubishana na mtu, alizunguka na wenzake wakaisukuma machela yao ndani kwa nguvu, mama akalala ubavuni kwangu.

Sasa kwetu mimi na mama mkwe tukikutana njiani mmoja anaacha njia. Sijawahi kula naye wala kumtazama usoni. Leo tumelala bega kwa bega, mimi sina suruali. Akafungua macho, akaniona, na pamoja na sumu yote iliyokuwa mwilini akavuta khanga akajifunika uso. Nikaruka. Lakini mguu wenye vijiti haukunjiki, shuka likanasa kwenye kitasa, nikatua mbele ya mgeni rasmi na kwaya nzima nikiwa na ile nguo na historia yake.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mgeni rasmi naye alicheka, na hicho ndicho kilichonipandisha hasira, maana mama wa watu anakufa na wao wanacheka nyuma ya utepe.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "aibu yangu mmeshaiona yote. Bado yako. Kata huo utepe mama aende."

Akaanza kutafuta mkasi. Dereva hakungoja, aliwasha gari, nesi na shemeji wakarukia ndani, wakapita na utepe wenyewe, ukawa unapepea mbele ya gari kuelekea hospitali ya Mpanda.

Mama alipona, Mungu mkubwa. Aliporudi alimpa mke wangu kifurushi aniletee, ndani mna suruali mpya ya kaki.

"Mama anasema hakuona kitu," mke wangu akaniambia. "Ila uvae."

Gari lenyewe halikurudi. Mara tukaambiwa ni bovu, mara linatumika kidogo huko mjini, na shemeji alilikuta limepakia viti vya harusi. Mimi nimeapa, kujilaza tena ili mkubwa afurahi, hapana, hata waje na magari kumi. Ile suruali ya kaki nimeivaa mpaka imepauka, lakini kanisani haijawahi kufika. Naivaa nikiitwa kubeba machela.