Mikono ya Kukhu kwenye Mguu wa Wafula

Nilipokuwa mtoto, kule Kware tulikokaa ghorofa ya nne, mtoto akilia bila sababu watu hawakuuliza hospitali. Waliuliza, "Kukhu yuko?" Kukhu ni nyanya yetu, mama ya baba, na alijua kutoa jicho, yaani kumwondolea mtoto madhara ya macho ya husuda. Alipaka samli tumboni, akakanda, akatoa vinyweleo na vijani ambavyo hadi leo sijui vilitoka wapi. Mtoto alinyamaza, mamake akashusha pumzi.

Basi mdogo wangu Wafula akazaliwa kabla ya wakati, akalazwa wiki kadhaa, akaletwa nyumbani. Haukupita muda, mguu wake wa kushoto ukavimba, ukawa zambarau. Kukhu hakuwa na shaka: kuna jirani alimkodolea macho kwenye ngazi. Akaukanda asubuhi, akaukanda tena mchana. Wafula alilia mpaka sauti ikakauka.

"Mama, huu mguu unazidi," mama yangu akamwambia, machozi yanamtoka. "Mimi nampeleka hospitali."

Tukaenda wote. Daktari alipitisha kifaa cha kupiga picha juu ya paja, akauliza, "Alipolazwa, aliwekewa mpira wa dawa hapa kwenye kinena?"

"Ndiyo."

"Damu imeganda ndani ya mshipa. Tutamdunga dawa ili bonge lisikue. Na jamani, asikandwe! Likichomoka litaenda kwenye mapafu."

Kukhu alikuwa amesimama mlangoni. Akaificha mikono yake ndani ya leso. Tulipoketi kwenye benchi nje ya wodi akaninong'oneza, "Nekesa, nilikuwa namuua mjukuu wangu na mikono yangu."

Nililia tu. Kila muuguzi aliyetokea, nilidhani anakuja kutuambia Wafula amekufa.

Hakufa. Mama alifundishwa kumdunga mwenyewe, asubuhi na jioni, na wallahi yeye ndiye aliyelia zaidi. Kukhu hakutoa jicho tena, hata watu walipotoka mtaa wa Fedha kuja kumbembeleza. Lakini hata Wafula mwenyewe, Kukhu hakumbeba tena, hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko sindano zote.

Sasa Wafula ni kijana, mguu ule mnene kidogo kuliko mwenzake. Juzi alijitupa kwenye kochi, akaulaza mguu huo kwenye mapaja ya Kukhu.

"Kukhu, nikande basi, nimechoka bana. Daktari alishasema hakuna shida."

Kukhu akanitazama mimi kwanza. Mikono ikatoka kwenye leso, ikatua juu ya mguu. Haikukanda. Ilikaa tu pale, naye akaanza kulia. Ndipo nilipoelewa: Wafula tulimtoa hospitali miaka mingi iliyopita, Kukhu tukamwacha kwenye benchi.